Yoyo za Tumbo Tupu

Jumatatu ya kwanza, saa mbili na robo asubuhi, mpishi alikunja mikono ya blauzi hadi juu ya viwiko, akavua bangili, akafunga kitambaa cha kichwa mafundo mawili, akasimama mbele ya mashine ya kukereza kama alivyoelekezwa: miguu imepanuka kidogo, tumbo mbali na mkanda, macho kwenye mti. Fundi alimzunguka mara moja, akimkagua kama mtu anayekagua meza kabla ya kuinunua.

"Mama, rudisha mguu wa kulia nyuma milimita kumi."

Mpishi akaurudisha.

"Hizo ni kumi na tano."

Fundi huyu alipima kila kitu kwa milimita, hata umbali wa kutoka karakana yake mpaka kwa kinyozi, na kwa sababu hiyo mtaa mzima ulimwita Milimita. Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Mpishi alikuwa na hamsini na mmoja. Kwa hiyo yeye alimwita fundi, fundi alimwita mama, na kila mmoja akaona heshima yake imefika.

Karakana ilipakana na shule ya msingi. Ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye paa la bati, mashine moja ya kukereza, jiriwa mbili za kubania mbao, na maranda yaliyofika kwenye vifundo vya miguu. Dirisha la nyuma lilitazama uwanja wa shule, na ng'ambo ya uwanja, kulia kwa vyoo, lilionekana jiko. Mlango wa jiko ulikuwa na kufuli. Mpishi alikuwa amepika humo miaka kumi na tisa. Tangu mwezi wa tatu hakupika tena, kwa sababu ofisi ya elimu ilipata ripoti kwamba watoto wote wa shule ile sasa wanashiba majumbani kwao, na mtu aliyeshiba hana haja na jiko. Ripoti iliandikwa na afisa elimu. Mpishi alimfuata ofisini mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa afisa yuko kikaoni. Mara ya pili kikao kilikuwa hakijaisha. Mara ya tatu afisa mwenyewe alitoka, akamkaribisha kwa adabu, akamfungulia ukurasa wa nne na kumwekea kidole palipoandikwa: wanashiba. Palikuwa na mhuri.

Mpishi alitaka jiko lifunguliwe. Hilo ndilo alilolitaka asubuhi akitafuta viatu na jioni akivivua. Lakini mikono yake haikujua kukaa bure, na Milimita alikuwa amebandika tangazo mlangoni kwamba anatafuta mtu wa kujifunza kazi, mwenye nguvu za mikono, asiye mvivu, asiyeshinda kwenye simu. Mpishi akabisha hodi. Milimita akamtazama viganja, akasema atamjaribu mwezi mmoja. Mwisho wa mwezi huo atakereza yoyo kumi na mbili peke yake; zikipishana hata milimita moja, wataagana kwa amani.

Yoyo zilikuwa zimeingia mtaani mwaka ule kama mafua. Kabla ya hapo Milimita alikereza miguu ya viti, mipini ya majembe na vishikio vya droo, na ndivyo angependa kuendelea, ila duka la vifaa vya shule lilimwagizia yoyo za mti mara moja, watoto wakazipenda kuliko za plastiki, na kazi ikamzidi.

Wiki mbili za mwanzo mpishi hakugusa yoyo. Alifunga kipande cha mti cha pembe nne kwenye mashine, akakifanya mviringo, akakitoa, akafunga kingine. Milimita alimfundisha kushusha patasi kwenye egemeo kwanza ndipo aisogeze kwenye mti, asiulazimishe, aache mti uje wenyewe. Alimwambia patasi ikishikwa vizuri hutoa sauti nyororo isiyokatika. Mpishi alisema sauti hiyo anaifahamu, ni ya kitunguu kikiingia kwenye mafuta yaliyopata moto sawasawa. Milimita alitega sikio, akakubali kwamba ni kweli, na akaudhika kidogo kwamba hakuwaza hivyo yeye.

Wiki ya tatu wakaanza yoyo. Nusu zote mbili lazima zitoke kwenye kipande kimoja, alisema Milimita, ili uzito ulingane. Kila nusu hukerezwa mgongo kwanza, kisha hugeuzwa na kukombwa kibonde kidogo kwa ndani, kina chake milimita tatu. Halafu hutobolewa tundu katikati kwa keekee, kijiti kikatiwa gundi, nusu zikakutanishwa, msasa ukapita, nta ikafuata.

Mgongo mpishi aliuweza siku ya kwanza. Kilichomshinda ni kibonde. Miaka kumi na tisa alikuwa akikomba masufuria, na katika maisha yake hakuwahi kuacha kitu chini ya sufuria wakati kuna mtoto bado kashika sahani. Mkono wake uliona shimo la mviringo, ukadhani umefika nyumbani. Ukakomba. Ukakomba mpaka ukuta wa yoyo ukawa mwembamba kama ganda la kitunguu, na mwanga wa dirisha ukapenya.

"Mama, nilisema tatu."

"Naona bado kuna kitu chini."

"Hicho kilichobaki chini ndiyo yoyo."

Mpishi aliomba radhi, akafunga kipande kingine, akakikomba vilevile. Milimita akamwambia asizitupe hizo, aziunganishe, angalau ajifunze gundi. Kesho yake gundi ilipokauka, mpishi alifunga uzi, akavaa kitanzi kwenye kidole cha kati, akairusha yoyo chini. Yoyo ikapanda. Ilipanda mpaka uzi ukaisha, ikazunguka juu ya kichwa chake kwa utulivu, kisha ikarudi kiganjani.

Milimita aliichukua, akaugeuza uzi, akajaribu. Ikapanda. Akasema uzi hauna tatizo. Akamrudishia mpishi aijaribu tena akiwa amenyoosha mkono, na safari hii, yoyo ilipofika mwisho wa uzi, visigino vya mpishi viliachana na sakafu, na vidole vikafuata. Milimita akapiga goti kwenye maranda, akaweka rula kati ya ndala na saruji.

"Arobaini na tatu," alisema. "Mama, leo umekula nini?"

"Chai."

"Na nini?"

"Na chai nyingine."

Milimita mwenyewe asubuhi ile alikuwa amekula mayai mawili na nusu ya mkate. Alisimama, akapangusa magoti, akaeleza kwamba jambo lenyewe ni la kawaida: yoyo imekombwa mpaka ikabaki tumbo tupu, na tumbo tupu likifungwa kwenye tumbo tupu jingine, hakuna kinachoyashika chini. Ni suala la uwiano. Akampa nusu ya pili ya mkate. Mpishi akala palepale alipokuwa, akashuka kadiri alivyotafuna, na kabla ya saa nne walikuwa wamerudi kazini.

Zilizoharibika zilikuwa saba wiki hiyo. Zilikaa kwenye bati, kwa ndani, na mmoja wao alipozihitaji alizishusha kwa ufagio.

Jumatano wakati wa mapumziko binti wa fundi viatu alikuja dirishani. Alikuwa darasa la tatu, na alikuwa na desturi ya kuegemea dirisha lile na kumpa mpishi habari za shule kwa mfuatano, kuanzia nani kapigana na nani. Siku hiyo aliuliza kama kuna yoyo mbovu zisizo na mwenyewe. Mpishi akamshushia moja. Binti akaivaa kidoleni, akairusha, akapanda nayo. Kichwa kilipita juu ya dirisha, kisha kifua, kisha magoti, na mwishowe mpishi alibaki akizungumza na soksi.

"Shangazi," alisema binti kutoka juu, "huku kuna buibui watatu na mpira wa darasa la tano."

Mpishi alimuuliza amekula nini. Binti alikuwa mkweli na alitaka kukumbuka vizuri kwanza. Akajibu kwamba jana alikula.

Mpishi alimshika soksi, akamvuta chini taratibu, akamwambia asiipoteze yoyo ile. Kengele ililia, binti akakimbia. Mpishi alibaki dirishani akiangalia kufuli. Ukurasa wa nne alikuwa ameujibu kwa maneno mara tatu, na maneno yalikuwa yameishia pale kwenye mhuri. Lakini mtoto aliye hewani ni mtoto aliye hewani. Hata afisa angelazimika kuinua uso.

Alimweleza Milimita mchana huohuo. Ijumaa ya wiki inayofuata afisa elimu angekuja kukagua shule. Yeye alitaka kukereza yoyo mia mbili thelathini na nane, moja kwa kila mtoto, zote za tumbo tupu. Milimita alisema hapana. Madawati ya shule zote za mji yalitengenezewa miguu hapa, alisema, na afisa akikasirika kazi itahamia kwingine kabla maranda hayajapoa. Isitoshe, Ijumaa hiyohiyo ndiyo siku ya majaribio ya mpishi. Hawezi kukereza mia mbili za kupanda na bado akapata muda wa kujifunza kumi na mbili za kushuka. Mpishi alisema basi wataagana kwa amani, kama walivyoelewana, ila iwe Jumamosi. Milimita alikereza mguu wa kiti mpaka jioni, na mguu huo ukatoka mfupi kuliko wenzake.

Asubuhi mpishi alikuta magogo yote ya nyuma ya karakana yamekatwa vipande vya mviringo, yamepangwa kumikumi ukutani.

"Nimekata milimita hamsini kila kimoja," alisema Milimita bila kumtazama. "Tusibishane tena."

Ikawa sasa fundi anamfundisha kosa lake. Kukomba mpaka ndani kabisa bila kutoboa ni kazi ngumu kuliko kukomba milimita tatu, na mpishi alitoboa vipande kumi na vinne kabla hajaelewa kwamba anatakiwa asikilize, sio atazame. Ukuta ukibaki mwembamba sauti hupanda, kama maji yanayokaribia kuchemka. Hilo alilijua. Kuanzia hapo hakutoboa tena. Milimita alikaa kwenye kigoda mkabala naye akisokota nyuzi, na kwa kuwa mikono yake haikuwa na cha kupima alianza kuzungumza. Alisema aliwahi kula chakula cha mpishi mwaka mmoja mzima, darasa la saba, mwaka ambao mpishi alianza kazi. Alisema maharage yalikuwa na mawe.

"Mawe yalikuwa ya mwenye duka," alisema mpishi. "Maharage ndiyo yalikuwa yangu."

Milimita alicheka mpaka uzi ukamponyoka. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mwaka huo nyumbani kwao kulikuwa hakupikwi mchana, na yeye alikuwa akirudi mstarini mara ya pili na kofia ili asijulikane. Mpishi alisema alikuwa akimjua. Kofia ilikuwa na kifundo chekundu. Waliendelea na kazi mpaka saa kumi na moja.

Ijumaa ilifika na jua zuri. Mwalimu mkuu, mtu mpole aliyeogopa barua, alikuwa ameruhusu yoyo ziandikwe kwenye ratiba kama mchezo wa mikono. Watoto walijipanga uwanjani kwa madarasa. Afisa elimu alikuja na dereva, jalada la bluu na tabasamu la kweli. Hakuwa mtu mbaya, na aliwasalimia walimu kila mmoja kwa somo lake. Alikagua vyoo, akakagua ukuta uliovimba kwa unyevu, akakagua kitabu cha wageni. Halafu mwalimu mkuu alipuliza filimbi na watoto wote wakarusha yoyo.

Thelathini na mmoja walibaki chini. Miongoni mwao walikuwa watoto wawili wa mwalimu mkuu na yule wa mwenye duka. Wengine walipanda, kila mmoja kwa kadiri yake. Waliokunywa chai asubuhi walikaa usawa wa mabega ya watu wazima. Waliokula jana mchana walikaa usawa wa mifereji ya paa. Waliokula juzi walivuka mlingoti wa bendera, na mapacha wa darasa la kwanza walikuwa juu kiasi kwamba ilibidi watambuliwe kwa sauti.

"Darasa la nne, nyoosheni mstari," alisema mwalimu wa darasa la nne, akiwa ameinua uso. Wakanyoosha.

Afisa alijikinga jua kwa jalada la bluu, akaangalia. Mpishi alikuwa amevaa gauni lake la kutokea. Alimsogelea, akampa yoyo, akamwomba naye ajaribu. Afisa alikubali kwa moyo mweupe. Yoyo ilipanda, lakini yeye akabaki chini na viatu vyake.

"Mheshimiwa," alisema mpishi, "hao ndio wa ukurasa wa nne."

Afisa aliwahesabu. Hakukadiria, wala hakumtuma dereva. Alihesabu mwenyewe, kwa kidole, mstari kwa mstari, na alipopotea kwa darasa la pili alianza upya. Mia mbili na saba. Aliuliza wanaweza kukaa juu muda gani. Mpishi alimwambia: mpaka wale. Akaandika. Aliuliza wa juu kabisa wako umbali gani, na Milimita, aliyekuwa amesimama nyuma na futi yake ya kukunja, alimtajia. Hilo nalo akaliandika. Kisha alifunga jalada, akamshika mpishi mkono kwa mikono yake miwili, akasema katika miaka yote ya kazi hajawahi kuonyeshwa jambo kwa uwazi namna hiyo, na kwamba hatua itachukuliwa mara moja.

Walimu wakaanza kuwateremsha watoto kwa kuwavuta miguu, wakianzia na wa chini.

Wiki mbili zilizofuata mpishi alikereza huku akiimba, jambo ambalo Milimita alisema linatikisa mashine, lakini hakumkataza. Nyumbani alifua aproni zake za jiko, akazipiga pasi. Alikwenda kwa mlinzi wa shule kuuliza nani ana ufunguo, akarudi tena kumuuliza kama ana uhakika. Alitengeneza orodha ya mahitaji: kuni, chumvi, mwiko mpya, sabuni ya sufuria.

Lori lilikuja Alhamisi, saa tano. Watoto walilisikia kabla halijakata kona, na wote wakatoka madarasani, walimu wakatoka nyuma yao, na hakuna aliyemrudisha mwenzake. Mlinzi alifungua kufuli ya jiko. Wapagazi waliingiza magunia arobaini, ya aina ileile ambayo maharage huja nayo, wakayapanga mpaka dirishani. Mpishi alipita katikati yao akiwa na aproni. Alifungua gunia la kwanza, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, kama alivyozoea, ili kujua kama chini kuna mawe.

Ulikuwa mchanga. Ulikuwa mchanga mzuri, wa mtoni, umechekechwa.

Kwenye kiti cha mbele cha lori kulikuwa na mizani na boksi la mifuko midogo ya turubai, yenye mikanda ya kiunoni na namba. Mwalimu mkuu aliisoma barua kwa sauti. Ofisi ilikuwa imejiridhisha kwamba wanafunzi wa shule hiyo wana upungufu wa uzito, na kwa kuwa ni wajibu wake kuwalinda, imeamua kila mwanafunzi aongezewe uzito unaopungua. Mfuko utapimwa langoni kila asubuhi. Atakayekuja na mfuko pungufu atarudishwa nyumbani. Kuhusu ukurasa wa nne barua haikusema kitu, kwa hiyo neno lilibaki pale lilipokuwa.

Mpishi alimuuliza dereva kama kuna lori jingine nyuma. Dereva alisema kwa anavyojua hakuna. Alimpa karatasi asaini kwamba jiko limepokea, maana aliambiwa jikoni kuna mama. Mpishi alisema hakupokea kitu. Mwalimu mkuu akasaini, akamrudishia dereva kalamu, na kwa muda mrefu alikuwa na shughuli ya kuangalia viatu vyake.

Watoto wakazoea. Watoto huzoea chochote kilicho na namba. Walilinganisha mifuko, wakabadilishana, wakapeana majina ya utani kwa kilo. Jumatatu mifuko iliongezwa, kwa sababu watoto walirudi kutoka mwisho wa juma wakiwa wepesi zaidi. Na yoyo hazikukatazwa, kwa kuwa hakuna barua iliyozitaja. Jumamosi watoto walivua mifuko, wakapanda, na akina mama waliowashika kwa kamba wakaendelea kuanika nguo kwa mkono mwingine. Waliokuwa juu walitumwa kuangalia bati linalovuja na kushusha viatu vilivyorushwa juu ya paa. Kinyozi aliomba ndugu wawili wamshikilie ubao wa tangazo wakati anaupigilia misumari, wakamshikilia. Mtaa mzima ulikubaliana kwamba yoyo zile zina manufaa.

Milimita alimfanyia mpishi yale majaribio yaliyoahirishwa mwisho wa mwezi. Mpishi alikereza yoyo kumi na mbili za kushuka, kila moja na kibonde cha milimita tatu, na hakukomba hata chembe zaidi. Milimita alizipima zote mara mbili. Alipomaliza alikaa na kipimo mkononi, kama mtu aliyetarajia kukuta kitu.

"Hazipishani," alisema.

"Najua," alisema mpishi.

"Sasa wewe ni fundi, mama."

Mpishi alimshukuru. Milimita alisema hata kule jikoni, kama ingetokea... kisha akaacha, akawasha mashine.

Jumanne moja, robo saa kabla ya kengele ya asubuhi, binti wa fundi viatu alikuja karakana akiacha nyuma yake mstari mwembamba wa mchanga uliotoka nyumbani kwao mpaka mlangoni. Mfuko wake ulikuwa umechanika mshono wa chini. Alikuwa na yoyo kidoleni na daftari la hesabu mkononi, na alitaka kujua kama saba mara nane ni hamsini na nne au hamsini na sita. Wakati akiuliza mchanga uliisha. Alianza kupanda huku akisubiri jibu. Milimita, ambaye alikuwa anakereza mguu wa dawati, alinyoosha mkono wa kushoto bila kuondoa macho kwenye patasi, akamshika kisigino.

"Hamsini na sita," alisema.

Mpishi alifungua chombo cha chakula chake cha mchana. Kulikuwa na mkate, mayai mawili ya kuchemsha na maharage. Alimpa vyote. Binti alikula yai la kwanza akiwa usawa wa rafu ya vanishi, la pili akiwa usawa wa jiriwa, na maharage aliyamalizia akiwa ameketi kwenye kigoda, miguu imefika chini, akihadithia nani kapigana na nani. Alikomba chombo mpaka kikang'aa. Mpishi alimtazama akikomba.

Wakati huo alikuwa ameshona mfuko. Mshono wake ulikuwa mzuri, wa kurudia mara mbili. Langoni wangeupima, na mtoto mwenye mfuko pungufu angerudishwa nyumbani, ambako siku hiyo hakukuwa na mtu wala chungu motoni. Kwa hiyo alichukua ndoo ya mchanga wa kuzimia moto iliyokaa mlangoni, akaujaza mfuko mpaka kilo nne na nusu, kama namba ilivyosema, akamfunga binti kiunoni yeye mwenyewe, akamlainishia mkanda usimkate.

"Shangazi, kesho nije?" aliuliza binti.

"Njoo."

Milimita alizima mashine. Aliuliza darasani kwao wako wangapi. Binti alisema arobaini na sita. Milimita alitazama chombo kilichong'aa, akaiwasha mashine tena.

Langoni mlinzi aliupima mfuko, akaona uko sawa, akamfungulia. Lakini asubuhi hiyo binti alikuwa na mayai mawili, mkate, maharage na kilo nne na nusu za mchanga, na hajawahi kuwa na vyote hivyo kwa pamoja. Alivuka uwanja polepole, akisimama mara mbili kupumzika, na kengele ikalia akiwa katikati. Wenzake walikuwa wameshaingia. Mwalimu wa zamu alimsubiri mlangoni na daftari la wachelewaji, akamuuliza kisa cha kuchelewa. Binti alisema leo mfuko ni mzito. Mwalimu aliangalia kwenye orodha, akaona kilo ni zilezile za jana, akaandika jina lake.